Namna ya Kupima Mchango wa Elimu, Utafiti na Ubunifu Katika Uchumi

Serikali inapotaka kuonyesha kwamba inathamini maarifa, hutaja bajeti ya elimu, idadi ya vyuo na idadi ya wahitimu. Takwimu zote tatu zinahusu kilichoingia. Hazisemi lolote kuhusu kilichotoka. Elimu huongeza pato pale inapofika kwenye kazi yenyewe: fundi anaposoma mchoro bila kuelekezwa, mtunza ghala anapojua kilichobaki rafuni bila kupekua, mkulima anapochagua mbegu inayofaa udongo wake. Kati ya darasa na kazi hiyo kuna viungo vingi, na kila kimoja kinaweza kukatika kimyakimya huku bajeti ikiendelea kupanda.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kukagua viungo hivyo kimoja baada ya kingine, kwa hesabu ambazo mwanafunzi wa uchumi, ofisa mipango au mwandishi wa habari anaweza kuzifanya kwenye Excel. Utahitaji takwimu za miaka isiyopungua 20 za pato la taifa kwa bei za mwaka wa kizio (yaani bei za mwaka mmoja zinazotumika kwa miaka yote), idadi ya watu walio kazini (jumla ya saa za kazi ni bora zaidi, zikipatikana), thamani ya mtaji, yaani majengo, mashine na miundombinu, wastani wa miaka ya masomo ya watu wazima, na data ghafi za utafiti wa nguvukazi. Ukikosa takwimu za mtaji, Penn World Table, hifadhi ya takwimu za uchumi wa nchi mbalimbali, inazitoa bure kwa nchi zaidi ya 180, pamoja na fahirisi ya elimu ya wafanyakazi kwa nyingi kati ya hizo.

Gawanya ukuaji kwanza

Kabla ya kuuliza elimu imechangia kiasi gani, jua kwanza ukuaji umetoka wapi. Kanuni ni hii:

Ukuaji wa pato = (fungu la mtaji × ukuaji wa mtaji) + (fungu la kazi × ukuaji wa nguvukazi) + salio

Fungu la mtaji ni sehemu ya pato inayokwenda kwa wenye mali, na fungu la kazi ni sehemu inayokwenda kwa wafanyakazi. Kama huna takwimu za kuaminika, tumia theluthi moja kwa mtaji na theluthi mbili kwa kazi. Usichukue tu mishahara iliyoandikwa kwenye hesabu za taifa ukaiita fungu la kazi: penye watu wengi waliojiajiri, jasho lao huandikwa pamoja na faida, na fungu la kazi huonekana dogo kuliko lilivyo.

Tuseme pato limekua kwa asilimia 5 kwa mwaka, mtaji kwa 6 na nguvukazi kwa 2.5. Mtaji umechangia 6 × 1/3 = 2.0. Nguvukazi imechangia 2.5 × 2/3 = 1.67. Jumla ni 3.67, kwa hiyo salio ni 1.33. Salio hilo ndilo linalobeba teknolojia, ubunifu, uongozi bora na, kwa sasa, elimu pia, kwa sababu bado hatujaitenga.

Robert Solow alitumia njia hii mwaka 1957 kwa uchumi wa Marekani wa miaka 1909 hadi 1949. Pato kwa saa ya kazi lilikuwa limeongezeka takriban maradufu, na asilimia 87.5 ya ongezeko hilo haikuelezwa na wingi wa mtaji. Matokeo hayo yaliwashtua wanauchumi waliozoea kuamini kwamba utajiri ni suala la kurundika mashine. Lakini yasomwe kwa tahadhari. Salio si teknolojia tupu. Moses Abramovitz alikuwa ameonya mwaka mmoja kabla kwamba ni kipimo cha yale tusiyoyajua, na makosa yote ya takwimu yanaishia humo humo.

Makosa yanayoharibu hatua hii ni machache, ila ni makubwa. La kwanza ni kutumia bei za miaka husika badala ya bei za mwaka wa kizio; mfumuko wa bei utahesabiwa kama ukuaji. La pili ni kuanza hesabu kwenye mwaka wa ukame, vita au mdororo na kuishia kwenye mwaka mzuri. Hapo salio litakuwa kubwa kwa sababu tu viwanda vilivyokuwa vimefungwa vimefunguliwa. Chagua miaka miwili ya mwanzo na mwisho inayofanana kwa hali ya uchumi, na uache angalau miaka 10 katikati. La tatu linahusu nchi zinazouza madini au mafuta: kisima kipya kikianza kutoa, pato hupaa na salio huvimba bila mtu yeyote kujifunza jambo jipya. Ondoa sekta hiyo, kisha rudia hesabu.

Tenga elimu kutoka kwenye salio

Mwaka mmoja wa shule ya msingi na mwaka mmoja wa chuo kikuu havina uzito sawa kwenye hesabu. Njia iliyozoeleka, na ndiyo inayotumiwa na Penn World Table, huipa miaka 4 ya kwanza uzito wa 0.134 kila mmoja, miaka 4 inayofuata 0.101, na kila mwaka baada ya wa nane 0.068. Jumlisha, kisha tafuta e (namba 2.718) kwa kipeo cha jumla hiyo.

Kwa nguvukazi yenye wastani wa miaka 6 ya masomo: (4 × 0.134) + (2 × 0.101) = 0.738, na e kwa kipeo hicho ni 2.09. Wastani ukipanda hadi miaka 9: 0.536 + 0.404 + 0.068 = 1.008, na fahirisi inakuwa 2.74. Kama mabadiliko hayo yamechukua miaka 30, tofauti ya 0.27 kati ya 1.008 na 0.738 ukiigawa kwa 30 unapata asilimia 0.9 kwa mwaka. Zidisha kwa fungu la kazi, theluthi mbili, upate 0.6. Katika mfano wetu wa juu, salio la 1.33 linapungua hadi 0.73, na elimu inapata safu yake yenyewe.

Asilimia 0.6 kwa mwaka inaonekana ndogo. Kwa miaka 30 ni ongezeko la takriban asilimia 20 ya pato, na hilo ni baada ya kuchukulia kwamba kila mwaka wa shule ulifundisha kitu. Dhana hiyo ndiyo inayofuata kukaguliwa.

Hesabu kilichojifunzwa

Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2019 kwamba asilimia 53 ya watoto wa miaka 10 katika nchi za kipato cha chini na cha kati hawakuweza kusoma na kuelewa andiko fupi la kiwango chao. Watoto hao wengi walikuwa wameandikishwa shule, na kwenye hesabu ya hatua iliyopita kila mmoja wao angehesabiwa miaka kamili.

Sahihisha kwa kuzidisha miaka ya masomo na ubora wake. Chukua alama ya wastani kwenye mitihani ya kimataifa iliyowekwa kwenye mizani moja na uigawe kwa 625, kiwango cha juu kinachotumiwa na Benki ya Dunia katika Fahirisi ya Rasilimali Watu iliyozinduliwa mwaka 2018. Mtoto anayetarajiwa kusoma miaka 10 kwenye mfumo wenye alama 375 ana miaka 10 × 375/625 = 6.0 ya kujifunza. Miaka 4 imelipiwa walimu, majengo na vitabu, lakini haikuacha kitu kichwani. Hapa ndipo fedha nyingi za elimu hupotea, na hapa ndipo mkaguzi anapaswa kutumia muda wake mwingi.

Matokeo ya mitihani ya taifa hayafai kwa kazi hii. Kiwango cha kufaulu hubadilika pale baraza la mitihani linapobadilisha alama za madaraja, na mtihani wa mwaka huu si mgumu sawa na wa miaka 10 iliyopita. Tumia mitihani iliyotengenezwa ili ilinganishwe, kama PISA ya OECD (shirika la ushirikiano wa kiuchumi ambalo wengi wa wanachama wake ni nchi tajiri) inayopima vijana wa miaka 15 tangu mwaka 2000, au tathmini ya kanda inayorudia baadhi ya maswali yale yale kila awamu. Kagua pia ni nani hakufanya mtihani. PISA hupima walio shuleni tu. Nchi ambayo nusu ya vijana wa miaka 15 wameshaacha masomo itaonekana nzuri kuliko ilivyo.

Eric Hanushek na Ludger Woessmann wameonyesha kwa miaka mingi kwamba alama za hisabati na sayansi hueleza tofauti za ukuaji kati ya nchi vizuri kuliko miaka ya kukaa darasani. Nchi za Amerika ya Kusini ndizo ushahidi ulio wazi zaidi: miaka ya masomo iliongezeka, ukuaji ukabaki nyuma, na alama zao zilikuwa za chini wakati wote.

Uliza soko la ajira

Sasa shuka kutoka kwenye taifa hadi kwa mtu mmoja. Utafiti wa nguvukazi una umri, elimu, saa za kazi na malipo ya kila aliyehojiwa. Jacob Mincer alieleza mwaka 1974 namna ya kuzitumia:

1. Gawanya malipo ya mwezi kwa saa za kazi za mwezi. Usiruke hatua hii, maana wenye elimu ndogo mara nyingi hufanya kazi saa nyingi zaidi.
2. Tafuta logi asilia ya malipo kwa saa.
3. Kadiria uzoefu: umri, toa miaka ya masomo, toa umri wa kuanza shule (6 au 7).
4. Fanya regresheni (hesabu inayopima jinsi kila kigezo kinavyoendana na malipo) ya logi ya malipo dhidi ya miaka ya masomo, uzoefu, na uzoefu kwa kipeo cha pili. Kipeo cha pili kipo kwa sababu malipo hupanda haraka ujanani, kisha hutulia.

Namba iliyo mbele ya miaka ya masomo ndiyo jibu. Ikiwa ni 0.09, mwaka mmoja zaidi unaendana na malipo ya juu kwa takriban asilimia 9.4. Wastani wa dunia uliokokotolewa na George Psacharopoulos na Harry Patrinos mwaka 2018 ni karibu asilimia 9, kwa hiyo ukipata 2 au 25, rudi ukague data kabla ya kuandika chochote.

Namba hiyo inakaa vizuri kwenye kichwa cha habari, na ndiyo maana hutumiwa vibaya. Wasio na ajira hawamo. Waliojiajiri mara nyingi huachwa kwa sababu mapato yao ni magumu kuulizia, na wanaweza kuwa ndio wengi. Vijana wenye bidii na wazazi wenye uwezo husoma zaidi na wangelipwa zaidi hata bila shule hiyo. Tena kuna hoja ya Michael Spence ya mwaka 1973: mwajiri anaweza kulipia cheti kama ishara tu ya kwamba mtu ni mwepesi wa kujifunza, hata kama alichosoma hakimsaidii kazini. Faida hiyo ni ya mwenye cheti, si ya uchumi.

Kuna jaribio rahisi la kutenganisha mambo haya. Badala ya miaka ya masomo kama namba moja, weka kila mwaka kama kundi lake. Kama malipo yanapanda polepole kila mwaka, kuna ujuzi unaolipwa. Kama yamelala, kisha yanaruka ghafla kwenye mwaka wa kupata cheti, kinacholipwa ni karatasi zaidi kuliko ujuzi. Rudia regresheni ukiwaondoa watumishi wa serikali, kwa kuwa ngazi zao za mishahara zimefungwa moja kwa moja kwenye vyeti bila kujali tija.

Utafiti: nani analipa, nani anaufanya

Kinachoitwa utafiti kina mipaka iliyokubaliwa. Frascati Manual, mwongozo wa OECD wa kupima utafiti, iliyopewa jina la mji wa Italia ambako wataalamu walikutana mwaka 1963, na ambayo toleo lake la karibuni ni la 2015, inataka shughuli itimize masharti matano: itafute kitu kipya, itokane na mawazo yasiyo dhahiri, matokeo yake yasiwe na uhakika mwanzoni, ifuate mpango na bajeti, na matokeo yaweze kuhamishwa au kurudiwa na mwingine. Upimaji wa kawaida wa ubora wa bidhaa hauingii. Kununua na kufunga mashine mpya hakuingii. Utafiti wa masoko hauingii.

Vyuo vikuu ndivyo huvuruga takwimu hizi. Mhadhiri anayetumia asilimia 30 ya muda wake kwenye utafiti ni mtafiti 0.3. Ofisi ya takwimu ikimhesabu kama 1, na mshahara wake wote kama gharama ya utafiti, nchi itaonekana inatumia mara tatu ya inachotumia. Omba jedwali lenye hesabu ya muda kamili kabla ya kulinganisha nchi na nchi.

Baada ya kupata jumla kama asilimia ya pato la taifa, igawe mara mbili: chanzo cha fedha na mahali kazi inapofanyika. Korea Kusini na Israeli hutumia zaidi ya asilimia 4 ya pato la taifa, na sehemu kubwa ya kazi hufanyika ndani ya makampuni. Umoja wa Afrika uliweka lengo la asilimia 1. Lengo la asilimia peke yake linaweza kutimizwa kwa kujenga taasisi ambazo hakuna mzalishaji anayebisha mlangoni mwao, kwa hiyo usiandike asilimia bila kuandika mgawanyo.

Utafiti ni akiba inayochakaa, na ni vema kuuhesabu hivyo. Gawanya matumizi ya mwaka wa kwanza kwa jumla ya kiwango cha ukuaji wa matumizi na kiwango cha uchakavu. Kwa mazoea uchakavu huwekwa asilimia 15. Matumizi ya 100 yanayokua kwa asilimia 5 yanatoa akiba ya 100 / 0.20 = 500. Mwaka unaofuata: 500 × 0.85 + 100 = 525. Sasa kata bajeti yote kwa miaka miwili. Akiba inashuka hadi 446, kisha 379. Zaidi ya robo imetoweka: watafiti wamehama, vifaa vimelala, mbegu za majaribio hazikupandwa. Ukirudisha bajeti ya 100 kwa mwaka, itachukua takriban miaka mitano kurejea ulipokuwa. Utafiti unaofadhiliwa kwa mkupuo, mwaka huu zipo mwakani hazipo, hupoteza zaidi ya kile ambacho wastani wa bajeti unaonyesha.

Jihadhari pia na mfumo wa hesabu za taifa wa mwaka 2008, ulioanza kuhesabu utafiti kama uwekezaji badala ya gharama. Marekani ilifanya mabadiliko hayo mwaka 2013. Nchi inapohama, pato lake hupanda kidogo kwenye karatasi. Usikuite huko kupanda ukuaji.

Hataza zinastahili aya moja tu. Hulinda uvumbuzi kwa miaka 20 tangu kuwasilishwa ombi, na nguvu yake huishia kwenye mipaka ya nchi iliyoitoa. Hesabu maombi ya wakazi peke yake. Ya wageni huonyesha ukubwa wa soko zaidi kuliko uwezo wa wavumbuzi wa nchi. Maombi huchapishwa kwa kawaida miezi 18 baada ya kuwasilishwa, hivyo takwimu za mwaka huu zinaeleza kazi ya zamani kidogo. Hataza nyingi hazizalishi chochote sokoni, na ubunifu mwingi wa viwandani na mashambani hauombewi hataza kamwe.

Fuatilia maarifa hadi kiwandani

Uvumbuzi haubadilishi uchumi siku unapotokea. Unaubadilisha unapoenea, na uenezi huo ndio hupimwa kwa uchache kuliko yote.

Umeme viwandani ni mfano unaofaa kutazamwa kwa karibu. Vituo vya kwanza vya kuuza umeme vilifunguliwa London na New York mwaka 1882. Viwanda vingi vya Marekani vilianza kwa kung'oa injini ya mvuke na kuweka mota moja kubwa mahali pale pale. Mengine yote yalibaki: mhimili mrefu wa chuma uliopita chini ya dari, mikanda iliyoshuka kutoka kwenye mhimili hadi kwa kila mashine, jengo la ghorofa kadhaa lililojengwa hivyo ili mashine zisikae mbali na chanzo cha nguvu. Mhimili ulizunguka kutwa hata kama mashine moja tu ilikuwa na kazi, na ulipoharibika, safu nzima ilisimama. Tija ilipanda kwa kasi miaka ya 1920, viwanda vipya vilipofunga mota ndogo kwenye kila mashine. Mhimili uliondoka, jengo likawa la ghorofa moja lenye mwanga, na mashine zikapangwa kufuata safari ya malighafi. Paul David alieleza mwaka 1990 kwamba safari hiyo ilichukua takriban miaka 40, kwa sababu ilihitaji wahandisi, wasimamizi na mafundi waliojifunza upya namna ya kupanga kazi. Kununua mota kulikuwa sehemu rahisi.

Ili kupima uenezi, chagua mbinu 5 hadi 10 zinazofahamika kuongeza tija kwenye sekta moja na uulize biashara ngapi zinazitumia kila mwaka. Ukichora asilimia hizo kwa miaka, utapata mstari unaoanza taratibu, unaopanda kwa kasi, kisha unaotulia. Andika namba tatu: mwaka mbinu ilipofika asilimia 10 ya watumiaji, miaka iliyopita kutoka 10 hadi 90, na kiwango inapoelekea kutulia. Zvi Griliches alifanya hivi mwaka 1957 kwa mahindi chotara ya Marekani. Jimbo la Iowa lilianza mapema na kumaliza haraka. Majimbo ya kusini yalichelewa, na sehemu ya sababu ni kwamba mbegu zilizofaa hali ya hewa yao hazikuwa zimezalishwa bado. Kuwalaumu wakulima kwa uzito wa kupokea mambo mapya kungekuwa kosa. Ukiona uenezi unachelewa kuanza, tafuta tatizo kwa watoa mbegu, mashine au programu. Ukiona umeanza lakini unapanda polepole, tafuta kwa watumiaji: mkopo, mafunzo, faida ndogo. Ukiona umetulia chini, mbinu pengine haifai kwa waliobaki.

Kipimo cha pili ni pengo kati ya biashara bora na dhaifu ndani ya sekta moja. Panga viwanda kwa tija, kuanzia kilicho chini kabisa, kisha linganisha cha 90 na cha 10 kati ya kila 100. Chad Syverson alikuta kwamba kwa wastani, ndani ya sekta za viwanda za Marekani, kiwanda cha 90 huzalisha takriban mara mbili ya cha 10 kwa rasilimali zile zile. Kwa India na China pengo lililopimwa lilizidi mara tano. Pengo kubwa maana yake ni kwamba maarifa yamo nchini tayari, pengine mtaa wa pili, lakini hayasafiri.

Na yanaweza kusafirishwa. Utafiti wa Nicholas Bloom na wenzake uliochapishwa mwaka 2013 ulitoa ushauri wa bure kwa viwanda vya nguo vya eneo la Mumbai. Walichopewa ni mbinu 38 za uendeshaji: kuandika kila kasoro ya kitambaa na chanzo chake, kuhudumia mashine kwa ratiba, kupanga na kuandikisha nyuzi zilizo ghalani. Tija ilipanda kwa asilimia 17 katika mwaka wa kwanza. Wamiliki wengi hawakuwa wamefanya mambo hayo kwa sababu hawakujua yapo, au waliamini hayahusu kiwanda chao.

Unapotembelea biashara, usiulize kama ni "bunifu". Kila mmoja atasema ndiyo. Uliza mashine ilisimama mara ngapi mwezi uliopita na kwa nini. Nani aliandika na yako wapi maandishi. Jambo gani lilibadilishwa kutokana na maandishi hayo. Na mara ya mwisho mfanyakazi alifundishwa nini, siku ngapi, na nani. Majibu manne hayo yanaeleza uwezo wa kupokea maarifa kuliko hojaji ya kurasa ishirini.

Usisahau muda

Mageuzi ya mtaala yakianza na watoto wa miaka 6, wa kwanza wao wataingia kazini miaka 12 hadi 16 baadaye. Kisha kuna hesabu ambayo mipango mingi huiruka. Mtu akifanya kazi miaka 40, kila mwaka ni sehemu moja ya 40 tu ya nguvukazi inayobadilishwa. Kama wanaoingia wana miaka 9 ya kujifunza na waliopo wana 6, miaka 10 baada ya wa kwanza kuingia wastani utakuwa 6.75. Nguvukazi inayokua haraka husogea upesi zaidi, lakini si kwa kiasi cha kubadilisha picha.

Kwa hiyo matokeo ya haraka hutoka kwa watu walio kazini tayari. Mafunzo kazini na uanagenzi ndiyo njia. Ujerumani huchanganya siku 3 au 4 za wiki kiwandani na 1 au 2 chuoni, kwa muda wa miaka 2 hadi 3.5, na mwajiri ndiye anayesaini mkataba na kumlipa mwanagenzi. Wanaoiga mfumo huu mara nyingi huchukua darasa na kuuacha mkataba. Bila mkataba, kiwanda hakina sababu ya kumfundisha mtu anayeweza kuondoka kesho.

Kujua kama chuo kinafundisha kinachohitajika, fuatilia wahitimu. Chukua namba mbili za simu za kila mmoja kabla hajaondoka, yake na ya ndugu, kwa kuwa laini hubadilishwa. Piga baada ya miezi 6 na tena baada ya miezi 24. Uliza anafanya kazi gani, analipwa kiasi gani, anatumia sehemu gani ya alichosomea, na alifundishwa upya kitu gani alipofika kazini. Swali la mwisho ndilo lenye thamani kubwa zaidi: vitu vinavyotajwa na wahitimu wengi ndivyo vinavyokosekana kwenye mtaala. Waliopatikana wakiwa chini ya nusu, usitangaze asilimia ya walioajiriwa, maana wenye kazi hupokea simu kwa hiari zaidi kuliko wasio nayo.

Soma matokeo kwa pamoja

Miaka mingi ya masomo na alama ndogo: tatizo liko darasa la kwanza hadi la tatu, na kuongeza vyuo vikuu hakutalitibu. Alama nzuri, faida ya elimu ndogo kwenye regresheni: watu wanajua, ila hakuna kazi zinazohitaji wanachokijua, angalia mitaji, umeme, sheria za biashara na ushindani. Utafiti mwingi wa serikali na pengo kubwa kati ya viwanda: kinachokosekana ni wabebaji, yaani maofisa ugani, mafundi wa huduma na wahandisi wanaohama kutoka maabara kwenda viwandani. Faida kubwa ya elimu pamoja na wahitimu wengi wasio na ajira: usiamini namba ya faida mpaka umewajumuisha wasio na kazi kwa malipo ya sifuri na kukokotoa upya kwa kulinganisha wastani wa mapato ya kila kundi, kwani sifuri haina logi.

Salio likiwa hasi kwa miaka 10 huku elimu ikipanda, usikimbilie kusema elimu haina maana. Kagua kwanza kama mtaji umehesabiwa kupita kiasi: miradi mikubwa iliyogharimu zaidi ya thamani yake huingia kwenye takwimu kwa gharama yake yote, hata kama barabara haiishii popote.

Unapoandika ripoti, toa matokeo kwa fungu la mtaji la 0.30, 0.35 na 0.40, ili msomaji aone jinsi jibu linavyosogea. Andika toleo la data ulilotumia na tarehe uliyoipakua, kwa kuwa ofisi za takwimu hubadilisha mwaka wa kizio na kurekebisha pato la miaka ya nyuma, na hesabu ya mwaka kesho isipolingana na ya leo utahitaji kujua kama ni uchumi uliobadilika au ni jedwali.